Urefu wa Geji Huchaguliwa Mara Moja: Mipangilio ya Kurekodi na Ubora wa Data za Mitetemo ya Faiba

Anayefungua kwa mara ya kwanza faili la data za mitetemo zilizorekodiwa kwa faiba, yaani uzi wa kioo unaopitisha mwanga, huvutiwa na wingi wake. Ndani yake mna maelfu ya chaneli zilizopangana mita kwa mita, na kila moja ina kumbukumbu yake ya jinsi ardhi ilivyotikisika. Mimi nimejizoeza kutazama kwanza sehemu ndogo ya mwanzo wa faili ambayo wengi huiruka, yaani orodha ya mipangilio: mpigo wa mwanga ulidumu kwa muda gani, mipigo mingapi ilirushwa kila sekunde, geji ilikuwa na urefu gani, chaneli ziliachana kwa mita ngapi, na sampuli ngapi zilihifadhiwa. Watu huichukulia mipangilio hiyo kuwa maandalizi ya kazi. Nadhani inastahili kuhesabiwa kuwa hatua ya kwanza ya uchakataji wenyewe, na hatua nzito kuliko zote, kwa sababu kichujio kibaya kilichotumika baadaye kinaweza kuondolewa na kazi ikarudiwa, ilhali kilichopotea wakati wa kurekodi hakirudishwi na hesabu yoyote.

Teknolojia hii, ambayo kimataifa hujulikana kwa herufi DAS (Distributed Acoustic Sensing), hutumia kifaa kimoja kinachofungwa kwenye ncha moja ya faiba, ambacho hapa nitakiita kisomaji. Kisomaji hurusha ndani ya uzi wa kioo mipigo mifupi ya leza, kwa kawaida yenye urefu wa wimbi wa nanomita 1,550. Kioo hicho kina dosari ndogo mno zilizoganda humo tangu uzi ulipokuwa ukitengenezwa kiwandani, na kila dosari hurudisha nyuma sehemu ndogo ya mwanga. Huo ndio mtawanyiko wa Rayleigh. Wimbi la tetemeko linapopita na kuivuta au kuibana faiba, nafasi kati ya dosari hizo hubadilika, na fezi ya mwanga unaorudi, yaani hatua ambayo wimbi la mwanga limefikia katika mzunguko wake, hubadilika pamoja nazo. Kisomaji hulinganisha fezi ya mwanga uliorudi kutoka sehemu mbili zilizoachana kwa umbali maalumu, na umbali huo ndio urefu wa geji. Kwa hiyo namba inayoandikwa kwenye chaneli haielezi mwendo wa nukta moja ya ardhi. Inaeleza wastani wa mvutiko wa kipande kizima cha faiba, yaani kiasi ambacho kipande kimerefuka au kufupika, kikigawanywa kwa urefu wa kipande chenyewe.

Vipimo vinavyohusika ni vidogo kiasi cha kustaajabisha. Kwa geji ya mita 10, mvutiko wa sehemu moja kwa bilioni ni sawa na kipande cha mita 10 kurefuka kwa nanomita 10, na badiliko la fezi linalotokana nao ni takriban radiani 0.09. Kila uamuzi ninaoueleza hapa chini unahusu namna ya kuitoa radiani hiyo ndogo katikati ya kelele bila kuiharibu.

Nianze na mpigo. Ndani ya faiba mwanga husafiri takriban kilomita 204,000 kwa sekunde, hivyo mpigo wa nanosekunde 10 unaweza kutenganisha sehemu zilizoachana kwa mita 1 hivi, na mpigo wa nanosekunde 100 hutenganisha mita 10. Mpigo mrefu hubeba nishati zaidi na hurudisha mwanga zaidi, jambo ambalo ni la thamani kubwa kwenye kebo ndefu: mwanga hupungua kwa takriban desibeli 0.2 kila kilomita, na kwa kuwa unakwenda na kurudi, kilomita 50 humaanisha hasara ya desibeli 20, yaani mwanga unaofika kwenye kipokezi ni sehemu moja ya mia ya ule ambao ungerudi kutoka mwanzoni. Kishawishi cha asili ni kuongeza nguvu ya leza. Hilo husaidia hadi kikomo fulani tu, kwa maana nguvu ya kilele ikizidi, kioo chenyewe huanza kuubadilisha mwanga, rangi yake husambaa, na ncha ya mbali ya kebo huwa mbaya kuliko ilivyokuwa kabla nguvu haijaongezwa. Anayeona kelele zikiongezeka ghafla baada ya umbali fulani na kuzidi kadiri anavyoongeza nguvu ana kila sababu ya kushuku hali hiyo, na tiba yake ni kupunguza. Jambo jingine la kuzingatia ni kwamba geji inapaswa kuwa ndefu kuliko eneo ambalo mpigo hulifunika. Isipokuwa hivyo, sehemu mbili zinazolinganishwa zitaingiliana, na geji fupi iliyoandikwa kwenye faili itakuwa ya jina tu.

Kiwango cha kurusha mipigo hufungwa na urefu wa faiba. Mwangwi wa mpigo wa kwanza kutoka ncha ya mbali lazima urudi kabla ya mpigo wa pili kuondoka, la sivyo miangwi miwili ya mwanga huchanganyika na kisomaji hakina njia ya kujua upi umetoka wapi. Kwa kilomita 10, safari ya kwenda na kurudi huchukua karibu mikrosekunde 98, kwa hiyo mipigo 10,000 kwa sekunde inawezekana. Kwa kilomita 100, kikomo hushuka hadi mipigo 1,000 hivi. Urefu unaohesabika hapa ni urefu wa faiba nzima, hata kama mtafiti anahitaji kilomita chache tu za mwanzo. Hili hujitokeza hasa pale panapotumika faiba za mawasiliano zisizobeba data. Faiba inaweza kuendelea kilomita 80 hadi mji mwingine, na mtu akiweka kiwango kinachofaa kilomita 10 alizozilenga, mwanga wa kilomita 70 zilizobaki utarudi juu ya mipigo inayofuata. Ama kiwango kishushwe hadi mipigo 1,200 hivi kwa sekunde, ama mafundi waombwe kuikata au kuifunga faiba pale eneo la utafiti linapoishia. Ncha iliyokatwa nayo isiachwe wazi, kwa kuwa kioo kilichokatwa wima hurudisha mwanga mkali unaokipofusha kipokezi. Vitanzi vichache vidogo karibu na ncha hutosha kuumaliza mwanga huo.

Sasa nifike kwenye urefu wa geji, ambao ndio unaoamua mengi zaidi ya mipangilio mingine yote. Kelele ya fezi ndani ya kisomaji haitegemei sana urefu wa geji, lakini ishara ya wimbi refu hukua kadiri geji inavyorefuka, kwa kuwa kipande kirefu hukusanya mrefuko mwingi zaidi. Ukiongeza geji mara mbili, ishara ya wimbi refu huongezeka mara mbili juu ya kelele ileile. Ndiyo maana geji ndefu hupendwa, na ndiyo maana picha za data zilizorekodiwa kwa geji ndefu huonekana safi machoni.

Gharama yake hujitokeza pale wimbi linapokuwa fupi. Geji inapokuwa sawa na urefu wa wimbi linalopita kandokando ya kebo, nusu moja ya kipande inavutwa wakati nusu nyingine inabanwa kwa kiasi kilekile, na jumla ni sifuri. Wimbi lipo, lina nguvu, na chaneli haioni kitu. Chukua mawimbi ya uso wa ardhi yanayosafiri mita 300 kwa sekunde katika udongo laini. Kwenye masafa ya hezi 30, yaani mitikiso 30 kwa sekunde, urefu wa wimbi ni mita 10, na geji ya mita 10 huyafuta kabisa. Kwenye hezi 15, ambako urefu wa wimbi ni mita 20, kinachobaki ni asilimia 64 ya mvutiko halisi. Juu ya hezi 30 hali ni mbaya kuliko kufutika: kati ya hezi 30 na 60 ishara hurudi ikiwa imegeuka, mvutiko ukiandikwa kuwa mbano na mbano ukiandikwa kuwa mvutiko. Anayesoma mwelekeo wa mshtuko wa kwanza ili ajue jinsi mwamba ulivyovunjika anaweza kupata jibu lililopinduka huku data zikionekana za kuaminika kabisa.

Geji hiyohiyo ya mita 10 haina tatizo kwa wimbi linalosafiri mita 3,000 kwa sekunde kwenye hezi 30, kwa sababu urefu wake ni mita 100 na hasara haifiki asilimia 2. Hivyo swali la kama geji ni nzuri au mbaya halina jibu mpaka tujue kasi na masafa ya wimbi linalotafutwa, tena kasi inayoonekana kandokando ya kebo, ambayo wimbi linapokuja kwa pembe huwa kubwa kuliko kasi yake halisi katika mwamba. Kisa kinachonishughulisha zaidi ni cha kebo iliyoshushwa kwenye kisima ili kusikiliza mitetemo midogo. Mawimbi mawili ya hezi 100 yanafika, moja likienda mita 3,000 kwa sekunde kandokando ya kebo na jingine mita 1,500. Kwa geji ya mita 10, la kwanza hubaki na asilimia 83 ya ukubwa wake na la pili asilimia 41 tu. Uwiano wa mawimbi hayo mawili, ambao hutumika kukadiria tabia ya chanzo na ya mwamba, umekwisha kupotoshwa karibu mara mbili kabla ya mchakataji yeyote kugusa data, na kama hakuangalia geji ataueleza upotofu huo kuwa ni jiolojia.

Yapo mahesabu yanayorekebisha upungufu huu, nayo hufanya kazi vizuri mbali na masafa yanayofutika. Yakikaribia masafa hayo, hugawanya kelele kwa namba iliyo karibu na sifuri na kuikuza kelele badala ya kuirudisha ishara.

Kuna jambo moja katika hesabu za geji ambalo naona halipewi uzito unaostahili. Ukubwa wa fezi inayopatikana kutoka kwa wimbi moja hukua kadiri geji inavyorefuka hadi geji ifikie nusu ya urefu wa wimbi, kisha huanza kushuka. Kwa hiyo anayetaka kuliona tu wimbi la masafa fulani katikati ya kelele huelekezwa kuchagua geji iliyo nusu ya urefu wa wimbi hilo, na ushauri huo ni sahihi kwa lengo hilo. Lakini tazama kinachotokea ukipunguza geji hadi robo ya urefu wa wimbi: ishara ya fezi hubaki asilimia 71 ya kilele chake, yaani umepoteza desibeli 3 tu, wakati ukubwa wa mvutiko unaorekodiwa hupanda kutoka asilimia 64 hadi asilimia 90 ya ukweli. Hasara ni ndogo na faida ni kubwa. Mimi huanza na robo ya urefu wa wimbi fupi kabisa ninalolihitaji, na huhama kutoka hapo kukiwa na sababu ya nguvu tu, kama vile kebo ndefu ambayo ncha yake ya mbali inazama kwenye kelele.

Sababu ya pili ya kuegemea upande wa geji fupi ni kwamba geji inaweza kurefushwa baadaye lakini haiwezi kufupishwa. Tofauti ya fezi kati ya mita 0 na mita 4, ikijumlishwa na tofauti kati ya mita 4 na mita 8, hutoa tofauti kati ya mita 0 na mita 8. Nukta ya kati hujifuta yenyewe, pamoja na kelele yake, na matokeo yake ni geji ya mita 8 kana kwamba ndiyo iliyorekodiwa tangu mwanzo. Masharti ni mawili: nafasi kati ya chaneli igawanye urefu wa geji bila kuacha baki, na fezi ziwe zimekunjuliwa bila kosa, yaani mizunguko kamili ya fezi iwe imehesabiwa sawasawa, jambo nitakalolirudia. Aliyerekodi kwa mita 20 hana safari ya kurudi. Wastani ukishachukuliwa, vipande vilivyouunda vimekwenda.

Mradi wa PoroTomo uliofanyika Machi 2016 kwenye eneo la jotoardhi la Brady Hot Springs, Nevada, nchini Marekani, ni mfano mzuri wa kusomea kwa sababu data zake ziliwekwa wazi kwa umma. Karibu mita 8,700 za kebo zilifukiwa kwenye mitaro ya kina kifupi karibu na uso wa ardhi, na nyingine ikashushwa kisimani. Geji ilikuwa mita 10, chaneli ziliachana kwa mita 1, na sampuli 1,000 zilihifadhiwa kila sekunde. Kwa mawimbi yanayotoka chini kisimani mpangilio huo unastahili. Kwa mawimbi ya uso wa ardhi katika mashapo laini, yeyote anayezichakata data hizo inampasa kuchora kwanza mstari wa masafa ambayo geji ya mita 10 inayaruhusu, na kuacha kuyasoma yaliyo juu yake. Mipangilio ya mradi mmoja huenea kirahisi kwa miradi mingine, kwa kuwa mtu akikuta namba zilizochapishwa huona ni salama kuzifuata. Usalama huo unategemea kasi ya mawimbi katika ardhi ya pale zilipochaguliwa.

Nafasi kati ya chaneli haihitaji maneno mengi. Chaneli za mita 1 zenye geji ya mita 10 hushirikiana asilimia 90 ya faiba yao na jirani zao, kwa hiyo kuwa na chaneli kumi mahali pa moja hakumaanishi kuwa na vipimo kumi huru. Katika utafiti wa mwaka 2015 kwenye rasi ya Reykjanes, Iceland, kebo ya kilomita 15 ilisomwa kila baada ya mita 4, jambo linalotoa chaneli zaidi ya 3,700, na zilitosha kuonyesha mipasuko ya ardhi ambayo haikuwa imetambuliwa hapo kabla. Faida halisi ya nafasi ndogo ni kupata uhuru wa kujumlisha geji baadaye, na kuweza kuepuka nukta zilizofifia.

Kufifia huko ni tabia ya mwanga wenyewe. Mwanga unaorudi kutoka kila sehemu ni jumla ya miale mingi midogo, na mahali fulani miale hiyo hufutana karibu yote. Hapo fezi haina mwanga wa kuibeba, na chaneli hutoa kelele kubwa isiyo na uhusiano na ardhi. Nukta zilizofifia huhama joto la kebo linapobadilika au masafa ya leza yanapoyumba, kwa hiyo chaneli iliyokuwa bora asubuhi inaweza kuwa mbovu jioni, na orodha ya chaneli mbovu iliyotengenezwa mara moja hupitwa na wakati. Baadhi ya visomaji hupunguza tatizo kwa kutumia masafa kadhaa ya leza kwa pamoja, kwani nukta inayofifia kwenye masafa moja haifani na ile ya masafa mengine. Panapokuwa na chaguo hilo, litumike. Lisipokuwepo, ninahimiza jambo dogo ambalo ni nadra kufanywa: ukubwa wa mwanga uliorudi uhifadhiwe pamoja na fezi, hata kama ni mara moja kwa dakika. Mchakataji mwenye kumbukumbu hiyo anaweza kuipa kila chaneli uzito unaoistahili. Asiye nayo hulazimika kubahatisha ubovu kwa kuangalia kelele, na tetemeko la kweli nalo huonekana kama kelele kwa asiyelitarajia.

Upande wa wakati una mtego wake. Fezi huzunguka, na kisomaji hakiwezi kutofautisha mzunguko mmoja kamili na kutozunguka kabisa. Kati ya mpigo mmoja na unaofuata, fezi isibadilike zaidi ya nusu ya mzunguko. Ikizidi, kukunjua fezi hukosea na rekodi huruka ghafla kwa mzunguko mzima. Kwa geji ya mita 10, nusu ya mzunguko ni mvutiko wa sehemu 34 hivi kwa bilioni. Kwa mipigo 1,000 kila sekunde, kasi ya mvutiko inayoruhusiwa ni sehemu 34 kwa milioni kila sekunde, na kwa wimbi linalosafiri mita 3,000 kwa sekunde, hiyo ni sawa na mchapuko wa ardhi wa mita 0.1 kwa sekunde kwa sekunde, takriban asilimia 1 ya mchapuko wa uvutano. Tetemeko la karibu lenye ukubwa wa kawaida tu huvuka mpaka huo bila shida. Kwa mawimbi ya polepole zaidi mpaka uko chini zaidi.

Mpaka huo unasogezwa kwa mipangilio miwili tu: kuongeza mipigo na kufupisha geji. Mipigo 10,000 kwa sekunde huupandisha mara kumi. Geji ya mita 1 badala ya 10 huupandisha mara kumi nyingine, na mchapuko unaovumilika hukaribia ule wa uvutano wenyewe. Baada ya tetemeko la ukubwa wa 7.1 la Ridgecrest, California, la Julai 2019, watafiti walitumia faiba za mawasiliano zilizokuwa tayari ardhini kurekodi matetemeko yaliyofuata, na kazi ya aina hiyo huonyesha mgongano wenyewe waziwazi. Matetemeko madogo mno ndiyo mengi, nayo huomba geji ndefu. Lile moja kubwa linaloweza kutokea wakati wowote huomba geji fupi. Ningekuwa mwenye uamuzi mahali pa namna hiyo, ningeacha yale madogo kabisa yapotee. Tetemeko dogo lina wenzake wengi wanaofanana nalo, na rekodi iliyokatika ya tetemeko kubwa haina mbadala.

Kiwango cha mipigo hakilazimiki kuwa sawa na kiwango cha sampuli zinazohifadhiwa, na kuvichanganya viwili hivi huleta hasara isiyo ya lazima. Kisomaji kinaweza kurusha mipigo 10,000, kikakunjua fezi kwa kasi hiyo kamili, kikachuja, kisha kikahifadhi sampuli 1,000. Kelele isiyo na mpangilio hupungua kwa desibeli 10 kwa njia hiyo, na mpaka wa mzunguko hubaki ule wa juu. Sharti ni kwamba uchujaji uwe wa kweli. Kuchagua kila sampuli ya kumi na kutupa nyingine huzikunja kelele zote za masafa ya juu ndani ya masafa ya chini, ambako hujichanganya na ishara na hazitenganishwi tena. Kwa hiyo msimamo wangu ni kurusha mipigo kwa wingi unaoruhusiwa na urefu wa faiba, na kupunguza wakati wa kuhifadhi.

Kupunguza huko kunahitajika kwa sababu ya wingi wa data. Kilomita 10 zenye chaneli kila mita 1, sampuli 1,000 kwa sekunde na baiti 4 kwa kila sampuli ni megabaiti 40 kila sekunde, karibu terabaiti 3.5 kwa siku. Chaneli za kila mita 4 na sampuli 250 huishusha hadi gigabaiti 216. Wengi hufanya uamuzi huu kwa kuangalia ukubwa wa diski walizo nazo. Mpangilio mzuri wa maswali ni kinyume chake: masafa ya juu kabisa yenye maana ni yapi, wimbi fupi kabisa lina urefu gani, na diski zinunuliwe kwa kufuata majibu hayo. Diski zisipopatikana, ningepunguza sampuli za wakati kabla ya kugusa geji, kwa sababu masafa yaliyokatwa kwa kichujio kizuri yanajulikana kuwa hayapo, ilhali yale yaliyopotoshwa na geji bado yapo kwenye rekodi na yanadanganya.

Kelele nyingine hutoka kwa kisomaji chenyewe. Kikiwekwa karibu na feni ya kompyuta, au mlango ukifungwa kwa kishindo, mtikisiko huandikwa kwenye chaneli zote kwa wakati uleule, nao huonekana kwenye picha kama mstari ulionyooka unaokata kebo nzima. Hakuna wimbi la ardhini linaloweza kufika kila mahali kwa wakati mmoja, kwa hiyo ni rahisi kuutambua na kutoa kiasi kikubwa chake kwa kuondoa wastani wa chaneli zote. Kuutoa huko hudhuru pia mawimbi yenye kasi kubwa sana inayoonekana, kama yale ya matetemeko ya mbali yanayopanda karibu wima na kuifikia kebo yote kwa takriban wakati mmoja. Bweta la faiba lililotengwa na mitikisiko, likiwekwa mwanzoni mwa kebo na kusomwa kama chaneli za kawaida, hutoa kipimo cha kelele hiyo peke yake. Mita mia kadhaa za faiba hutosha, nami naona ni uzembe kuziacha.

Linalobaki ni maandishi. Visomaji vingine huhifadhi mvutiko, vingine huhifadhi kasi ya mvutiko, na vingine huhifadhi namba kamili ambazo hazina maana bila kizidishio chake. Bila urefu wa geji, fezi haiwezi kugeuzwa kuwa mvutiko: namba ileile ni mvutiko mmoja kwa geji ya mita 10 na ni nusu yake kwa geji ya mita 20. Hata kipeo cha mpindo wa mwanga kilichoingizwa kwenye kisomaji kina athari, kwa kuwa ndicho kinachogeuza muda kuwa umbali. Aliyeandika 1.46 mahali pa 1.468 atakuwa amekosea mahali pa chaneli kwa zaidi ya mita 270 kwenye kilomita ya 50. Kugonga ardhi kwa nyundo katika sehemu zinazojulikana, na kuandika ni chaneli ipi iliyosikia, husahihisha kosa hilo pamoja na vitanzi vya akiba ambavyo mafundi wa kebo huviacha ndani ya mashimo ya ukaguzi bila kuvionyesha kwenye ramani.

Kwa miradi inayotumia kebo za mawasiliano, ambako ruhusa hutolewa kwa muda mfupi na kila mtu ana haraka ya kubonyeza kitufe cha kurekodi, naomba saa chache za mwanzo zitengwe. Kisomaji kiwekwe kwenye geji fupi kabisa kinayoiweza, mipigo kwa kiwango cha juu kinachoruhusiwa na faiba nzima, na chaneli kwa nafasi inayoigawanya geji hiyo sawasawa. Data ghafi zihifadhiwe zote, mchana wakati magari yanapita na usiku wakati pametulia. Kutokana na rekodi hiyo moja, geji za mita 4, 8, 12 na 20 zinaweza kutengenezwa kwa kujumlisha na kulinganishwa juu ya mawimbi ya mahali penyewe, na kasi ya ardhi ikapimwa badala ya kukisiwa. Ndipo geji ya muda wote uliobaki ichaguliwe, sababu yake iandikwe kwenye faili la mipangilio, na rekodi ile ya mwanzo itunzwe pamoja na data nyingine, kwa sababu atakayekuja baadaye na swali tofauti kuhusu ardhi ileile atahitaji kujua wimbi fupi kiasi gani lilikuwepo kabla wastani haujachukuliwa.